Jogoo wa Stika

Kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa kubatiza baiskeli. Mimi ni Muislamu, lakini nimebatiza nyingi kuliko padri yeyote wa Morogoro, na hamna hata moja iliyolia.

Duka lilikuwa Kihonda, kati ya jamaa anayechomelea milango ya chuma na mama anayeuza chipsi. Baiskeli zilikuwa zinakuja kwenye makatoni, vipande vipande, fremu nyeusi tupu, hazina hata herufi. Mimi ndiye niliyekuwa naziunga: foku, rimu, cheni, hendeli, keria ya nyuma. Nikimaliza bosi ananipa bahasha, na ndani ya bahasha ndimo yalimo majina. Stika. Kulikuwa na Jogoo, kulikuwa na Mizani, kulikuwa na Nyota Tatu, majina ya baiskeli za zamani ambazo wazee wakizitaja wanafumba macho kidogo kama wanamtaja mchumba wa ujanani. Fremu zilikuwa zile zile, zimetoka katoni moja, zimesafiri zimelaliana. Saa mbili asubuhi baiskeli haina jina, saa nne inaitwa Jogoo, na pacha wake aliye pembeni anaitwa Mizani na kapandishwa bei kwa sababu stika yake ina rangi ya dhahabu.

"Viwanda vyenyewe vilishakufa zamani," bosi aliniambia siku ya kwanza. "Kilichobaki ni majina tu. Kuna watu huko wameyanunua, wanayaweka kwenye chochote."

"Kwa hiyo ni kama shati la marehemu."

"Eeh, shati la marehemu. Ila mnunuzi hajui kama kuna msiba, na wewe usimwambie."

Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeishia darasa la saba, na kila kitu kilikuwa kinanichekesha. Bosi akanifundisha kumsoma mteja kuanzia chini. Akiingia kijana wa raba, mbandikie Nyota Tatu. Akiingia mwalimu wa viatu vya kupiga rangi, Mizani. Akiingia mzee wa katambuga, zile ndala za kukatwa kwenye tairi la gari, huyo hata usimuulize. Huyo anataka Jogoo.

Nilijua. Mimi nimelelewa na mzee wa katambuga.

Babu yangu huyu alikuwa mjomba wake mama. Kwetu Uluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba wa mama yako ndiye babu hasa, ndiye anayekusema ukikosea na ndiye anayekuchinjia kuku ukifaulu. Mimi kuku huyo sikumuona. Mama aliniacha kwake nikiwa darasa la kwanza, akaenda kuolewa Mlali, na mimi nikabaki juu kule, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mkuyuni, kwenye nyumba yenye babu, bibi mkewe, mbuzi, na Jogoo.

Jogoo ilikuwa inalala ndani. Mbuzi walikuwa wanalala nje.

Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito kama dhambi, na kwenye shingo ya fremu kulikuwa na beji ya shaba imepigwa ribiti, ina jogoo kanyanyua mguu mmoja. Ukipitisha kidole unahisi mpaka kucha zake. Babu alikuwa anaisugua ile beji kwa jivu na limao kila Alhamisi, ili Ijumaa akienda msikitini ing'ae. Siku moja bibi akamwambia, "Ungenisugua mimi hivyo ningekuwa bado binti." Babu akajibu bila kugeuka, "Wewe ungetoboka."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya utani hivyo. Bibi alikuwa ananiita mume wangu tangu sijaota meno ya mbele. Babu ananiita mke mwenza, kwamba tunagombea bibi mmoja. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Unaweza kumwambia babu ana kichwa kama kinu, hakupigi, anakurudishia kubwa zaidi. Kumbe jambo lenyewe lina hasara yake. Sikuijua hasara hiyo mpaka nilipokuja kuwa na neno la kweli la kumwambia.

Kila siku ya soko babu alikuwa anashusha ndizi Mkuyuni. Mikungu minne: miwili kwenye keria, mmoja kila upande wa hendeli. Breki za ile Jogoo zilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo alikuwa anafunga breki kwa mguu. Anatanguliza kisigino nyuma, anakikandamiza kwenye tairi, katambuga inalia kwiii mpaka chini bondeni. Ukisikia ule mlio unajua babu anapita na mke wa mtu hatakiwi barabarani. Katambuga za kulia zilikuwa zinaisha kila baada ya miezi michache, za kushoto mpya kabisa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo la katambuga za kushoto. Nikamwambia babu atafute mzee mwenye mguu mmoja, wafanye biashara.

Halafu Jogoo ikachoka. Ilianza kwenye boksi la pedeli, kutu ikaila kutoka ndani. Nikaja kuiangalia nilipokuwa likizo kutoka dukani, nikatia kidole, kidole kikazama. Foku nayo ilikuwa na ufa. Nikasema, "Babu, hii hata kwa dua haitembei."

Akakaa nayo uani siku nzima. Kesho yake akauza mbuzi wawili.

Siku aliyokuja Kihonda nilikuwa nyuma ya duka, nimetoka kuunga baiskeli saba, zote bado hazina jina. Nikasikia sauti nje inasalimia, nikachungulia. Kavaa koti la Idi na kofia nyeupe, na katambuga miguuni, ya kulia imeisha. Bosi kamuona miguu tayari anatabasamu.

"Karibu mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Nina shida na Jogoo."

"Jogoo ipo, mzee! Imebaki moja, ya mwisho." Bosi akanigeukia. "Kijana, itoe ile Jogoo ya mzee."

Bosi hakujua ni babu yangu. Nikatoka kusalimia, shikamoo babu, tukakumbatiana, na bosi akanikata jicho, jicho ambalo kila aliyewahi kuajiriwa analijua. Linasema: babu yako, sawa, lakini duka ni langu.

Nikarudi nyuma. Baiskeli saba zinaniangalia. Nikachagua iliyonyooka zaidi, nikakaza kila nati, nikapaka grisi mara mbili, nikazungusha gurudumu nikasikiliza. Nafsi yangu ikaniambia ninamtendea haki, kwamba hata angekwenda duka lingine angepewa hii hii, na huko isingekazwa hivi. Kisha nikafungua bahasha. Jogoo alikuwa kwenye karatasi inayong'aa, kanyanyua mguu mmoja. Nikambandika kwenye shingo ya fremu, kukatokea kipovu cha hewa chini ya mkia, nikalamba kidole gumba nikakisugua mpaka kikaisha.

Babu akaizunguka. Akanyanyua upande wa nyuma kwa mkono mmoja, akaishusha. Akapitisha kidole kwenye jogoo. Akarudia.

"Mbona hashikiki?"

"Siku hizi wanachapa, mzee," bosi akasema.

"Na mbona nyepesi?"

Hapo akaniangalia mimi. Hakumwangalia bosi. "Wewe ndiye fundi. Hii ni Jogoo?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi kuliko sura yoyote niliyofundishwa madrasa. Lilikuwa swali rahisi. Lilitaka neno moja. Mimi nikafanya ninachofanyaga.

"Jogoo kabisa babu. Funga vizuri mlango, alfajiri itakuwikia."

Babu akacheka, ule mcheko wake wa kukohoa. "Kapungua uzito kama bibi yako anavyoota kupungua." Halafu akamgeukia bosi akaanza kumweleza jambo, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. Alimwambia kwamba kwetu jina halifi. Mkubwa wa ukoo akifa, watu wanakaa, wanachagua mtu, wanampa jina la marehemu, na kuanzia siku hiyo ndiye yeye. Mjane atamwita mume wangu, watoto watamwita baba hata kama wamemzidi umri. Yeye mwenyewe babu jina lake alilirithi kwa mjomba wake.

"Nilipopewa nilikuwa mwembamba kama hii baiskeli," akasema. "Watu walinicheka. Lakini aliyepewa jina hubeba mzigo wa jina. Si nimebeba?"

"Umebeba, mzee," bosi akasema, akamwandikia risiti.

Nilimsaidia kupakia baiskeli juu ya gari la Mkuyuni, nikaifunga kwa mpira, nikampungia mkono. Na nitasema ukweli wote maana ndiyo maana naandika: nilifurahi. Nilifurahi kwamba babu yangu anapanda kitu nilichokiunga kwa mikono yangu.

Alifika, akafunga mikungu minne. Nani angemkataza? Jogoo imebeba minne miaka yote.

Bibi ndiye aliyenisimulia, na jirani aliyemuokota. Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, njia imekauka vizuri. Babu alishuka mpaka kwenye kona iliyo juu ya mto. Pale kuna mteremko wa ghafla na mawe. Mara shingo ya fremu ikaachana na fremu. Gurudumu la mbele likaenda na hendeli na mikungu yake miwili, babu na mengine yote wakabaki nyuma, halafu wakafuata.

Alivunjika nyonga. Nilipofika hospitali alikuwa amelala chali, mguu umefungwa, kichwani kofia imekaa upande. Nilidhani atanitukana. Nilitaka anitukane.

"Mke mwenza umekuja," akasema. "Nimeiua Jogoo."

"Babu, si wewe."

"Ni mimi. Nilizoea kisigino. Hii ina breki za mkono, nikaogopa, nikashika zote mbili kwa nguvu." Akaangalia viganja vyake. "Jogoo haivunjiki. Mikono ndiyo imevunjika kwanza. Nimezeeka, basi."

Nilipoenda kuichukua ile baiskeli, jirani alikuwa ameiegemeza kwenye mgomba. Nikaangalia ilipoachia. Bomba lenyewe jembamba kama kopo la maziwa, na chuma cha kuungia kimekaa juu juu, kimeshika rangi tu, hakijashika chuma mwenzake. Mtoto wa darasa la pili angeona. Mimi fundi ningeona, kama ningekwangua rangi kidogo pale shingoni badala ya kubandika jogoo juu yake. Na jogoo alikuwa mzima. Hana hata mkwaruzo.

Babu alirudi nyumbani kwa fimbo. Nyonga iliunga, wazee wenzake wengine wamevunjika zaidi ya hapo na bado wanapanda shambani. Lakini mtu akishasema amezeeka, uzee unamsikia unakuja mbio. Aliacha kwenda soko, halafu akaacha shamba la mbali, halafu la karibu. Ijumaa ya kwanza alisema njia ndefu. Ijumaa ya tatu alibaki kitandani kavaa kanzu. Bibi akawa analeta chakula anakirudisha.

"Kila siku ananiuliza kama mikono yake inatetemeka," bibi aliniambia jikoni. "Haitetemeki. Namwambia haitetemeki. Anasema namdanganya kwa mapenzi."

Hapo ndipo nilipojua nina dawa mfukoni na ninatembea nayo. Nikimwambia tu: babu, ile haikuwa Jogoo, ilikuwa chuma cha ovyo, mikono yako haina kosa, atainuka. Atanichukia, labda hatasema na mimi mpaka mwakani, lakini atainuka kwa hasira. Hasira zake nazijua, zingemfikisha Mkuyuni bila fimbo.

Mara ya kwanza nilienda, nikakaa naye kutwa, nikamnyoa ndevu, nikarudi mjini sijasema. Mara ya pili kulikuwa na wageni, nikashukuru Mungu kwa wageni. Mara ya tatu niliiba ushahidi. Nilichukua dukani karatasi nzima ya stika, Jogoo kumi na wawili, nikaikunja ndani ya shati.

Nilimkuta kakaa kibarazani amejifunika shuka juani.

"Babu, nina jambo. Si utani."

"Ukisema si utani ndiyo utani wenyewe. Leta."

"Ile baiskeli haikuwa Jogoo."

"Ilikuwa nini, mbuzi?"

"Ilikuwa haina jina. Zinakuja tupu. Mimi ndiye nilibandika. Kule nyuma, ulipokuwa umesimama na bosi. Nilibandika nikasugua kwa mate."

Akanitazama. Midomo ikaanza kucheza. Nikaona mcheko unakuja na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fimbo yake.

"Haki ya Mungu, babu."

"Usimtie Mungu kwenye upuuzi wako."

"Ngoja nikuonyeshe!" Nikatoa karatasi. Mikono yangu mimi ndiyo ilikuwa inatetemeka. Nikabandua jogoo mmoja, nikaangaza pa kumbandika, pembeni pake kulikuwa na chupa ya chai ya bibi, ile nyekundu. Nikambandika. "Umeona? Hivi! Hivi ndivyo nilivyofanya! Sasa hii ni Jogoo? Hii chupa ni Jogoo?"

Babu akaitazama chupa. Jogoo kanyanyua mguu mmoja juu ya maua mekundu.

Alicheka mpaka shuka likaanguka. Alicheka akakohoa, akapiga paja, machozi yakamtoka, akamwita bibi: "Wewe! Njoo uone! Mumeo kaleta chupa ya chai aina ya Jogoo!" Bibi akaja na unga mikononi, akaona, naye akaanza. "Bandika na jembe," babu akasema, "limechoka, labda litalima. Mbandike na huyu bibi, huenda akanibeba mpaka soko!"

Nikawa nimesimama katikati yao na ile karatasi. Kuna wakati ukiwa unachekwa unajikuta unacheka, mwili unafuata wenzake tu. Nikacheka. Nikambandika bibi jogoo begani.

Alipotulia babu alinishika mkono. Akasema taratibu, bibi amesharudi jikoni, "Najua unachofanya. Unataka nisijilaumu. Umebuni uongo, umejitwika wewe kosa, ili mimi nipone. Mjukuu mwema." Akaufinya mkono wangu. "Lakini mimi najua mikono yangu."

Ningeweza kuendelea kubishana. Ningeweza kumleta bosi, ningeweza kubeba ile shingo iliyokatika na kumuwekea mapajani. Nilifikiria hayo yote nikiwa ndani ya gari narudi mjini, nikapanga kwamba nikija tena nitakuja na shingo. Lakini masika yakaingia, njia ya juu ikakatika wiki mbili, na simu ilipopigwa alikuwa jirani.

Babu alikula vizuri usiku huo, bibi alisema, akalala, hakuamka. Hakuumwa. Daktari yeyote angeandika uzee.

Siku ya tatu ya matanga watani walikuja. Kwetu msibani mtani ana ruhusa. Atavaa koti la marehemu, ataiga alivyokuwa anatembea, atasema alikuwa mchoyo, na wafiwa hawana budi kucheka, maana msiba usiochekewa unakaa ndani ya nyumba. Na wajukuu tumo kwenye utani. Shangazi mmoja akasema, "Mwacheni huyu, huyu ndiye anayemjua!" Wakanivisha kofia yake, wakanipa katambuga zake, wakanisukumia kinu kilicholazwa uani nikipande kama baiskeli.

Nikapanda. Nikatanguliza kisigino nyuma, nikafanya kwiii. Watu wakaanguka. Nikafanya anavyopiga kengele kwa wanawake, nikafanya anavyosugua beji. Halafu mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasema mbele ya ukoo mzima, na majirani, na shehe wa Mkuyuni: jamani, mimi ndiye niliyemuua huyu mzee. Nilimuuzia baiskeli ya kopo, nikaipaka mate, nikaiita Jogoo. Akaamini jina. Alipoanguka akajilaumu yeye, na mimi nilijua.

Walicheka hiyo kuliko zote. Shangazi alitoka mkekani akawa amelala udongoni anashika ubavu. Mwingine akapiga kelele, "Mate! Eti mate!" Na kati yao chai ilikuwa inamiminwa kutoka kwenye chupa nyekundu, na jogoo yupo pale, ushahidi tosha, mtu anaishika anamimina anaipitisha kwa mwenzake.

Nilirudi dukani nikakaa mwezi mmoja zaidi. Nilikuwa naunga lakini sibandiki, nilimwambia bosi ngozi yangu inakataa gundi. Akawa anabandika mwenyewe, na hana macho mazuri. Kuna mzee mmoja wa Mlali anaendesha mpaka leo Jogoo iliyosimama kwa kichwa. Huyo nilimfuata nje kabla hajaondoka, nikamwambia, mzee, usibebe zaidi ya mkungu mmoja, na pita kwa fundi wa milango hapo akuongezee chuma shingoni. Huyo alinisikia. Hakuwa mtani wangu.

Bosi alijua nilichomwambia yule mzee, tukaagana.

Arobaini ilipopita ukoo ukakaa kuchagua wa kupewa jina. Mimi nilikuwa nje nachuna mbuzi, sikuwa hata na wazo. Kulikuwa na wajomba zangu wawili, watu wazima, wana mashamba. Nikaitwa ndani na damu mikononi. Mkubwa wao akasema wameangalia sana, na wamekubaliana ni mimi.

"Mimi? Mimi wa nini?"

"Bibi yako amesema. Tangu aanguke mzee hakucheka ila siku moja, na wewe ndiye uliyemchekesha. Mtu aliyemchekesha mwisho ndiye anayeijua njia yake."

Nikamtazama bibi. Kakaa kwenye kona na nguo nyeupe za eda, anaitikia kwa kichwa. Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema napewa nisichostahili, kwamba wanachukua jina zito wanaliweka kwenye fremu ambayo hawajaikwangua rangi. Nikaona nyuso zao zimeshaanza kungoja mcheko. Nikafunga mdomo.

Wakanikalisha kwenye mkeka, wakanifunga shuka begani, wakaniita kwa jina lake mara tatu na mara tatu nikaitika. Mjomba akasema yale maneno, nilijua yanakuja, maana ndiyo yanasemwa siku zote: aliyepewa jina hubeba mzigo wa jina.

Ilikuwa mwezi huo huo bibi akaniita kutoka jikoni. "Mume wangu! Ndizi zinaivia shambani, nyani wanafanya sherehe. Nani anashusha?"

Nilishusha Jogoo ya zamani kutoka darini alikokuwa ameihifadhi babu, ile yenye beji ya shaba. Nikaipeleka Kihonda kwa jamaa wa milango. Akakata sehemu yote iliyoliwa na kutu, akachomelea bomba nene, akaziba ufa wa foku kwa chuma, akauliza nataka aandike nini pembeni, nikamwambia usiandike kitu. Magurudumu nikatoa kwenye ile mpya, magurudumu yake hayakuwa na kosa. Breki za mkono sikuziweka. Katambuga za kushoto zipo rundo, za kulia nikakatisha mpya.

Naweka mikungu miwili. Mtu wa miaka ishirini na tatu, miwili. Natoka asubuhi jua limeshachomoza, nashuka kwa kisigino mpaka karibu na kona ya juu ya mto, na hapo nateremka. Nashika hendeli, naisukuma nikitembea mpaka nipite yale mawe. Sijawahi kuipita kona ile nimekaa kwenye siti.

Juzi nilikutana pale na rafiki yake babu, anapanda na gunia la chumvi kichwani. Kwa sasa wazee wote wananiita kwa lile jina, na wananisalimia kama rika lao. Akasimama, akalitaja jina, akaitazama beji, akatazama mikungu miwili.

"Wewe, enzi zako ulikuwa unapita hapa na minne, umekaa, unapiga miluzi. Leo miwili na unasukuma?"

"Nimezeeka," nikamwambia.

Alicheka sana yule mzee. Aliendelea kupanda na chumvi yake, na nilipofika chini mtoni nikiwa bado nasukuma nilikuwa namsikia huko juu, anairudia peke yake, nimezeeka, nimezeeka, na kucheka.